Kukereza Kalamu, Kutoka Ndeeba Hadi Budongo

Barabara itokayo Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, inaingia Kampala kwa upande wa Ndeeba, na kwangu hiyo ilikuwa bahati, maana Ndeeba ndiyo soko kubwa la mbao la mji huo. Nilitokea Bukoba. Kyotera na Masaka tulizipita haraka, Lukaya nikanunua gonja, ndizi ya kuchoma, dirishani, ikweta tukaivuka Kayabwe bila hata gari kupunguza mwendo. Mkobani nilikuwa na pakiti za vyuma vya kalamu: mirija ya shaba, ncha, klipu, mirija ya wino. Nilichokosa ni miti yenyewe, na mtu wa kunifundisha kuikereza.

Mtu huyo nilielekezwa na jamaa wa Bukoba: mzee wa Kinubi kutoka Bombo, mkereza miguu ya vitanda na stuli. Kiswahili chake kimenyooka kama mbao zake. Aliupokea mrija wa shaba, mwembamba kuliko penseli, akauzungusha vidoleni.

"Huu hausinyai, mwanangu," akasema. "Mti unasinyaa. Ukiuvalisha mti mbichi juu ya shaba, nani atapasuka?"

Akafungua droo akanitolea kalamu ya mteja wake, imefanya ufa kuanzia ncha hadi klipu. Ilikerezwa vizuri sana, lakini kwa mti ambao haukukauka. Kwa hiyo somo la kwanza halikuwa la mashine, lilikuwa la kuchagua: vipande vilivyokaa juu ya dari ya karakana miaka na miaka, vyepesi mkononi, visivyo na ubaridi ukivigusisha shavuni.

Tulianza na mugavu. Ni mti wa kienyeji, jamii ya mkenge, na mafundi wa mitumbwi ya ziwani wanaujua siku nyingi. Kiini chake kina kahawia yenye michirizi mieusi, na kwa anayeanza ni mwalimu mpole. Tulichana kijiti cha mraba chenye upana wa milimita 20 hivi, tukakitoboa katikati kwa keekee ya milimita 7. Hapa ndipo kazi ilipo. Unatoboa kwa kufuata nyuzi, si kwa kuzikata, na keekee hupenda kukimbilia upande ulio laini. Mzee alikuwa akishusha kidogo, anaitoa, anapangusa unga, anashusha tena. Ukiikandamiza, unga unaziba, joto linapanda, na kijiti kinapasuka kabla hata hakijaliona kerezo, mashine inayokizungusha mbele ya patasi.

Mrija unakwaruzwa kwa msasa ili gundi ishike, unaingizwa huku ukizungushwa, unaachwa ukauke. Kisha miisho ya kijiti inasawazishwa mpaka shaba ing'ae, kwa sababu ikibaki imeinama, vyuma havitakaa. Baada ya hapo ndipo kinapanda kwenye mhimili wa kerezo, pete mbili za chuma zikionyesha unene wa mwisho. Patasi ikigusa, pembe nne zinayeyuka kuwa duara, na rangi iliyojificha ndani ya mti inatoka. Hakuna picha itakayokuonyesha jambo hilo. Msasa wa 150, halafu wa laini na laini zaidi hadi 600, halafu nta, na kitambaa kinapashwa moto na mzunguko.

Mvule ulitusumbua zaidi. Nyuzi zake zinapishana, patasi butu inazing'oa badala ya kuzikata, na ndani ya mvule mna vijiwe vya chokaa ambavyo mti huvitengeneza wenyewe. Ukikutana na kimoja, makali yamekwisha. Vumbi lake pia huwasha ngozi na kukaba pumzi, kwa hiyo barakoa si hiari. Lakini ule udhahabu wake! Nilielewa kwa nini watu wamekata mivule mpaka ikawa adimu.

Nilitaka pia mkangazi, nikauacha. Tangu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama mwaka 2022, mikangazi ya Afrika imo kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa kwa vibali, na mimi nilikuwa narudi ng'ambo.

Masindi nilikwenda kwa basi la Kisenyi. Bombo, Luweero, kisha magunia ya mkaa kando ya lami ya Nakasongola, na pale Kafu tukaiacha njia ya Gulu. Nilikuwa nafuata muhimbi, mti mgumu, chuma cha msitu wa Budongo ulio karibu na Masindi. Mwenyeji wangu, dada fundi mwenye asili ya Arua, alikuwa na vibao vya muhimbi vilivyong'olewa kwenye sakafu ya nyumba iliyobomolewa. Vimekauka kuliko chochote nilichoshika Ndeeba, na vizito ajabu.

"Huu usiufanyie haraka, kaka," alinionya. Tulinoa patasi, tukakereza kidogo, tukanoa tena. Maranda hayakutoka marefu kama ya mugavu, yalitoka kama unga wa kahawia nyekundu. Ulipofika msasa wa mwisho, mti uling'aa wenyewe kabla ya nta.

Kesho yake tulipita mashamba ya miwa ya Kinyara hadi Sonso, palipokuwa na kiwanda cha kupasua mbao na ambapo tangu mwaka 1990 pana kituo cha utafiti wa sokwe. Muhimbi mkubwa husimama juu ya mizizi iliyotanuka kama mbao zilizosimamishwa wima. Sokwe hula mbegu zake. Na huu ndio mti ambao maofisa misitu, kuanzia miaka ya 1950, waliuua kwa sumu iliyochanganywa na dizeli, ili mikangazi yenye bei ipate nafasi ya kukua. Iliniuma kusimama chini yake nikijua hivyo, na kalamu yake imo mfukoni. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi hii ifanywe kwa masalia tu. Kalamu haizidi kidole, na mabaki ya sakafu moja yanatosha mkereza miaka mingi. Hakuna sababu ya msumeno kuingia Budongo kwa ajili yetu.

Tuliporudi mjini dada alimwaga boksi la masalia yake sakafuni, akaanza kutenga yaliyo makavu. Nilimwachia pakiti zote za vyuma zilizobaki, na keekee ya milimita 7.