Nilivyowafundisha vijana wa tuisheni neno "work"

Vijana wa kidato cha kwanza ninaowafundisha tuisheni walisoma shule za msingi ambako karibu masomo yote yalikuwa kwa Kiswahili. Wanaingia sekondari wakijua kwamba "work" ni kazi, basi. Halafu neno hilohilo linawakuta kila somo kwa sura nyingine.

Sikuwapa orodha ya maana. Niliwaambia kila atakayekutana nalo anakili sentensi nzima aje nayo, tuulizane: hapa nani anafanya nini? Mmoja akaja na "show your working" ya Hisabati, yaani onyesha hatua ulizopita hadi kwenye jibu. Mwingine alileta "Ministry of Works", ambayo kwetu ni Wizara ya Ujenzi. Katika "the works of Shakespeare" tukakuta maandishi yake, katika "steelworks" kiwanda cha chuma, na katika "the medicine works" dawa inayotibu.

Fizikia ndiyo iliyotuchukua muda. Kule kazi inahesabika pale tu kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, inaposogeza kitu kuelekea upande wake. Tukachukua ndoo ya maji ya lita 20. Maji hayo ni kilo 20, na uzito wake kwa newtoni, kipimo cha kani, ni kama 200. Ukiyainua mita 1.5 kutoka chini hadi kichwani, umefanya kazi ya 200 mara 1.5, yaani jouli 300; jouli ndicho kipimo cha kazi. Ukisimama nayo kichwani ukimsubiri mwenzako ajaze ya kwake, ni jouli sifuri.

Binti mmoja akakataa kabisa. "Sasa mwalimu, mbona shingo inaniuma?"

Nililipenda sana swali lile. Tukaacha kila kitu tukalijibu: misuli ya shingo inajikaza muda wote na kutumia nishati ya chakula ulichokula, kwa hiyo kuchoka ni kweli, ila ndoo haijapanda hata kidogo, na hesabu yetu inaihusu ndoo. Akarudia maelezo yote mwenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya wenzake. Kwangu mtoto huyo ameshaijua Fizikia, na Kiingereza chake kitamfuata. Inaniuma kusikia wa namna hiyo akiitwa mzito wa kuelewa.

Sasa wamehamia "power" bila kuagizwa. Wa kwanza ameleta ya umeme, wa pili ya serikali, na wa tatu 2 kwa kipeo cha 3.