Mgumu wa Kilimanjaro kwenye Njia ya Wainka

Mizani ndiyo iliyonifanya nijisikie nyumbani. Tulishuka garini pale Kilomita 82, nchini Peru, inapoanzia njia ya miguu iendayo Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka, penye reli, mto Urubamba unaonguruma na akina mama wanaouza fimbo na majani ya koka. Kabla sijauangalia hata mlima, macho yangu yakaenda kwa wanaume waliopanga foleni na mizigo mgongoni, wakisubiri kupima. Kilo 20, isizidi. Ikizidi kitu kinatolewa, wanabishana kidogo, wanacheka, anaitwa anayefuata. Ukiondoa Kihispania, ningeapa niko geti la Machame.

Nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka sita kabla sijapata leseni ya kuongoza wageni. Kwetu wapagazi tunaitwa wagumu, na jina hilo halijanitoka hadi leo. Mgeni mmoja niliyempandisha zamani tukaja kuwa marafiki, na alipopanga kwenda Peru akaniandikia: njoo, kibali nalipa mimi, tiketi ya ndege ujitegemee. Nikavunja kibubu. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Yaani unatoa hela ili ukapande mlima?"

Addis Ababa, São Paulo, Lima, kisha Cusco. Hapo Cusco ndipo nilipoaibika. Mji uko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kwetu ukitaka kufika kambi ya Horombo, mita 3,720, unatembea siku mbili na mwili unazoea njiani; huku ndege inakuchukua pwani na kukutupa juu kwa muda wa kama saa moja na robo. Mimi ambaye nimewaambia wageni "pole pole" mpaka ulimi ukaota sugu, nilitua mizigo hotelini nikaanza kuzurura vichochoroni kutazama kuta za Wainka, watu waliotawala milima hii kabla ya Wahispania, mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine bila tone la saruji na bila nafasi ya kupitisha wembe. Usiku kichwa kikawa ngoma ya mdundiko. Mganga hajigangi. Mama mwenye nyumba ya wageni akaniletea chai ya majani ya koka, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekatazwa kucheza kwenye mvua.

Nisiwachoshe na mambo ya kibali, ila mjue hivi: njia hii hupitisha watu 500 tu kwa siku, na humo wamo wapagazi, wapishi na viongozi, kwa hiyo wageni wenyewe ni kama 200. Kibali kina jina lako na namba ya pasipoti, hakihamishiki kwa mtu mwingine. Huruhusiwi kutembea bila kiongozi. Mwezi Februari wote njia inafungwa ili ikarabatiwe. Nilipoonyesha pasipoti ya Tanzania getini, askari aliigeuza mara mbili, akamwita mwenzake, wakaitazama nembo yenye mlima. Nikawaonyesha kwa kidole: huu hapa, nimetokea huu.

Siku ya kwanza ni ya kunyoosha miguu. Tulipita juu ya magofu ya Patallacta, matuta ya kilimo yaliyopindapinda kufuata mto, tukalala Wayllabamba, kama mita 3,000. Chakula cha jioni kilikuwa supu ya kinoa, viazi vya rangi tatu, na mahindi yenye punje kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Nililitafuna lile hindi taratibu. Mahindi yametoka Amerika kabla hayajavuka bahari kuja kuwa ugali wetu, na hapa nilikuwa kama mtu aliyetambulishwa kwa babu yake mzaa babu.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Unapanda mpaka mita 4,215, kwenye mgongo wa mlima unaoitwa Warmiwañusqa, "mwanamke aliyekufa" kwa Kiquechua, lugha ya wenyeji wa milima hii, maana ukiutazama kutoka bondeni unaona kama mwanamke amelala chali. Nilijiambia moyoni: hata Lava Tower, kwetu kwenye njia ya Machame, ni juu kuliko hapo. Mlima ukanisikia. Tatizo halikuwa hewa, lilikuwa ngazi. Kilimanjaro unatembea juu ya udongo na changarawe, hatua unachagua mwenyewe. Hapa Muinka alishakuchagulia hatua yako zaidi ya miaka 500 iliyopita, na kila jiwe lina kimo chake: hili linafika kifundo cha mguu, linalofuata linafika gotini. Rafiki yangu, ambaye zamani nilimbebea mpaka chupa ya maji, alikuwa mbele yangu akigeuka kuniuliza kama niko sawa. Niko sawa, nikasema, huku nimeshika mapaja.

Na wapagazi? Wanakimbia. Unasikia nyuma sauti ya kiongozi, "¡Porteadores!", na wote mnajibana upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa korongo, kwa sababu mzigo ukikugusa unakwenda nao. Wanapita na mahema, mitungi ya gesi, meza, viti, shavu limevimba kwa fundo la koka. Sisi tunabeba kichwani na shingoni, wao wote mgongoni. Shingo yangu, ambayo mvua ikinyesha bado inanikumbusha ile miaka sita, iliwaonea wivu.

Kileleni kiongozi wetu alitupa kila mmoja majani matatu ya koka. Unayashika kama kipepeo, unayapulizia kuelekea milima, unaitaja kwa jina, kisha unayaweka chini ya jiwe. Milima kwao ni apu, wakubwa wenye kusikia. Mgeni mmoja kwenye kundi alicheka kidogo. Mimi sikucheka. Babu yangu alizikwa ameelekezwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kama walivyozikwa wazee wengi wa Kichaga.

Kutoka hapo ni kushuka, na kushuka ngazi za mawe ni adhabu ambayo sijui aliyeibuni alikosewa nini. Tulifika kambi ya Pacaymayo magoti yakiwa ya mtu mwingine.

Usiku ule nilitoroka hema la wageni. Aliyewahi kuwa mpagazi anajua joto liko wapi: hema la jikoni. Nikakaribishwa, nikakaa juu ya gunia. Wao kwa wao wanaitana wayki, yaani ndugu. Kihispania changu ni cha kuokoteza kwa wageni, na wazee pale Kihispania hawakipendi sana, wanasema Kiquechua, kwa hiyo kijana mpishi akawa mkalimani wetu. Mzee mmoja alikuwa anatazama buti zangu, mimi natazama miguu yake. Alikuwa amevaa ojota, viatu vya tairi. Katambuga kabisa! Mikanda ile ile, misumari ile ile. Nikatoa simu, nikatafuta picha niliyowahi kumpiga Mmasai sokoni Moshi. Simu ikazunguka hema zima, kila anayeipokea anacheka, anaangalia miguu yake mwenyewe, anampa jirani.

Mzee akauliza jambo. Mpishi akatafsiri: "Anauliza hizo ni tairi za gari gani."

"Nyingi ni za pikipiki," nikasema.

Mzee akavua kiatu chake, akakigeuza, akanionyesha soli nene kama kidole. Ya lori. Akasema neno moja, wote wakaangua kicheko. Pikipiki haidumu.

Nikamuuliza swali lililokuwa likinikereketa tangu asubuhi: yeye amewahi kuingia Machu Picchu? Nilibeba mizigo miaka mitatu kabla sijafika kilele cha Uhuru, kwa sababu wagumu wengi huishia kambi ya Barafu; kilele wanakiona kwenye simu za wageni. Nilishajiandaa kumhurumia. Akasema ndiyo, aliingia mara moja, Jumapili, siku ambayo watu wa Cusco huingia bure, na mkewe na watoto. Kukoje? Akafikiri. Pazuri, akasema. Foleni ndefu. Mke wangu viatu vilimbana.

Siku ya tatu ningeirudia hata kesho. Magofu yanafuatana: Runkurakay lenye umbo la duara, Sayacmarca lililoning'inia kwenye jabali, kisha njia inaingia msitu wa ukungu, okidi na kuvu la kijani, na hapo lami ya mawe ni ile ile ya Wainka. Kuna mahali wamechonga handaki kwenye mwamba, ngazi zikiwa ndani yake. Phuyupatamarca, "mji juu ya mawingu", una mabirika ya mawe yanayopangana kushuka, na maji yanatiririka humo hadi leo.

Hapo ndipo nilipoacha kutazama mandhari nikaanza kuitazama barabara. Wainka walikuwa na barabara za kama kilomita 30,000, zinazopita leo katika nchi sita, kutoka Kolombia hadi Chile na Argentina. Gurudumu hawakulitumia. Farasi hawakuwa nao. Lama, mnyama wao wa mizigo, hubeba kidogo, na akiona mzigo umezidi analala chini, basi. Kilichobaki ni mgongo na miguu ya mtu. Habari zilipelekwa na chaski, wakimbiaji waliopokezana njiani, kila mmoja na kipande chake, wakiwa na maneno kichwani na khipu mkononi, zile kamba zenye mafundo ya kutunzia hesabu. Kwa hiyo wanaume waliokuwa wakinipita mbio asubuhi na jioni ndio barabara ilijengewa. Mimi na kamera yangu ndio tulioingilia.

Jioni, kambini Wiñay Wayna, tukaagana na wapagazi, maana alfajiri hakuna muda. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa upande wa kutoa bahasha ya bakshishi. Naijua ile bahasha. Najua jinsi unavyoipima kwa vidole kabla hujaifungua, na jinsi unavyotabasamu bila kuangalia ndani. Nikaenda nyuma ya hema, nikaongeza zilizobaki mfukoni. Wakaniomba niimbe kama tunavyowaimbia wageni kwetu. Nikaimba peke yangu, hakuna wa kuitikia, mpaka mzee wa katambuga akaanza kupiga sufuria, si kwa mapigo yetu hata kidogo.

Tuliamshwa saa tisa usiku. Sababu sio jua kama wageni wanavyodhani. Wapagazi lazima wakunje kila kitu na kukimbia bondeni kuwahi treni yao ya alfajiri. Sisi tukakaa gizani kwenye benchi mpaka geti lilipofunguliwa saa kumi na moja na nusu. Inti Punku, Lango la Jua, tulilikuta na ukungu mtupu. Nusu saa nzima tuliutazama weupe. Kisha ukachanika katikati, na Machu Picchu ukawa pale chini, mdogo kuliko kwenye picha, umekaa kati ya vilele viwili kama kitu kilichosahauliwa mezani.

Mji ulijengwa katikati ya karne ya 15, enzi za mfalme Pachacuti, ukahamwa karne iliyofuata. Vitabu vinamtaja sana Hiram Bingham, Mmarekani aliyefika mwaka 1911. Lakini aliongozwa na mkulima wa hapo, Melchor Arteaga, na ukutani akakuta jina la Agustín Lizárraga, mtu wa Cusco, limeandikwa kwa mkaa, mwaka 1902. Watu wa Marangu hadithi hii tunaijua: mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika Kibo, na huku nyumbani tunamtaja mzee Yohani Lauwo, anayesemwa kuwa ndiye aliyemwongoza.

Jioni tulipanda treni kutoka Aguas Calientes. Reli inapita pale pale Kilomita 82. Giza lilikuwa linaingia, nikabandika uso kwenye kioo. Mizani ilikuwa imefunikwa. Kando yake paliwaka jiko, na wanaume kama kumi walikuwa wamelala chini ya turubai la bluu wakisubiri kundi la kesho, miguu nje. Treni haikusimama, lakini nilijaribu kuviangalia viatu.