Niliweka tiki kwenye "Upepo"

Fomu ilikuwa ya kurasa tatu, nami niliijaza nikiwa nimesimama, magamba ya ngege, yaani sato, bado yameganda vidoleni. Mkahawa mmoja wa Milimani hapa Kisumu ulikuwa unatafuta muuza samaki mpya, na wenyewe ni watu wa mazingira kwelikweli: mifuko ya plastiki hawataki, samaki wachanga hawataki, na ukurasa wa mwisho waliuliza stima ya biashara yako inatoka wapi. Jua. Upepo. Maji. Mafuta. Nyingine. Nilikuwa nimeiona kwenye runinga ile mitambo ya upepo ya Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, ikizunguka jangwani, nikasema si ndiyo hiyo stima yake inaingia kwenye gridi, zile nyaya za taifa zima? Nikaweka tiki kwenye Upepo, nikapiga muhuri wa duka.

Siku tatu baadaye simu ikalia, ni dada wa mkahawa. "Mama Junior, hapa umesema unatumia upepo. Una pangaboi juu ya paa?"

Nikamjibu kwamba tuko mbioni. Hapo nikawa nimejifunga kamba kwa mikono yangu.

Biashara yangu ni chumba kimoja Nyalenda na friza nne za kufungukia juu. Mbuta, yaani sangara, na ngege nachukua ufuo wa Dunga alfajiri, na barafu nawauzia akina mama wa ufuoni. Kwa mwezi natumia kama uniti 600 za stima, kwa mita ya tokeni za kulipia kabla. Kwa vile neno pangaboi lilishatamkwa, nikaanzia hapo. Nilinunua kamoja kadogo ka kuzalisha stima kwa upepo kwa shilingi 46,000, kwenye boksi kameandikwa wati 1,000, fundi akakapandisha kwenye mlingoti wa chuma juu ya bati.

Wati hizo 1,000 zipo, ila zinapatikana upepo ukienda mita 12 kwa sekunde. Hapa kwetu upepo wa ziwa huamka baada ya saa nane mchana, unapeperusha nguo kwenye kamba, na jua likitua unalala. Tena upepo una hesabu yake chungu: kasi ikipungua nusu, stima haibaki nusu, inabaki sehemu moja ya nane. Fundi alinieleza hayo baada ya kupokea pesa yake. Kale kapangaboi kalichaji simu mbili na kuwasha taa ya mlangoni. Bado kako pale juu, kunguru wanakapenda.

Basi nikaenda kwenye kaunta ya stima mjini kuuliza kama naweza kununua tokeni za upepo peke yake. Kijana akaniangalia. "Tokeni za nini, mama?" Simlaumu. Stima yote huingia chungu kimoja: mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya bwawa la Sondu Miriu, upepo wa Loiyangalani na wa Kipeto kule Kajiado, pamoja na mitambo ya mafuta. Ni kama ziwa letu. Mto Nzoia unamwaga humo, Nyando unamwaga, Sondu unamwaga, lakini ukichota ndoo pale Dunga huwezi kudai upewe ya Nzoia tu.

Wakubwa wana njia yao. Kuna vyeti vinavyouzwa, kila kimoja kinasimamia megawati-saa moja ya stima safi, yaani uniti 1,000, na mwenye kampuni akivinunua anaruhusiwa kusema stima aliyotumia ni ya upepo, hata kama waya wake ni ule ule wangu. Nikapiga hesabu: uniti 7,200 kwa mwaka, vyeti vinane vinanitosha. Dalali niliyemwandikia alijibu kwa adabu kwamba wao huuza kwa mamia.

Aliyenifungua macho ni mteja wangu, mzee aliyestaafu kwenye mitambo ya stima, ambaye kila Jumamosi hununua vichwa vya mbuta. Alikaa kwenye kreti akanipa darasa. Ile mitambo ya Loiyangalani iko 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Wengi husema iko Turkana kwa sababu ya ziwa, kumbe ni kaunti ya Marsabit. Ilisimama tayari mwaka 2017 ikingoja nyaya za zaidi ya kilomita 400 za kuifikisha kwenye gridi kule Suswa, stima ikaanza kuteremka Septemba 2018. Halafu akasema jambo ambalo sikuwa nimelisikia: upepo wa kule huvuma kwa nguvu zaidi usiku hadi alfajiri, wakati Wakenya wamelala. Kuna saa mitambo huambiwa ipunguze kwa kuwa hakuna wa kuitumia stima hiyo. Lakini saa moja jioni hadi saa nne, kila nyumba imewasha taa, runinga na pasi, ndipo mitambo ya mafuta huitwa kazini, pamoja na ule wa Muhoroni hapa jirani.

"Sasa wewe," akaniuliza, "barafu yako unaigandisha saa ngapi?"

Nilikuwa naigandisha jioni. Nikifunga duka napanga pakiti za maji kwenye friza, saa kumi na mbili, ili usiku wote zigande. Yaani mzigo mzito kuliko yote nilikuwa naupeleka saa ile ile ya mafuta.

Nikanunua taima nne za kuchomeka ukutani. Mpango: friza zizime saa kumi na mbili jioni, ziwake saa tano usiku. Binti ya dada yangu ndiye aliyezipanga, maana macho yake ni mazuri. Asubuhi nafungua kifuniko, harufu inanipokea. Ngege wamelegea, pakiti za barafu zinacheza kama maziwa lala. Taima inahesabu kizungu. Mtoto aliambiwa saa tano akaandika 5:00. Friza zilizima jioni zikawaka alfajiri. Kilo 18 zilikwenda kwa mbwa wa jirani, na tangu siku hiyo kila taima imebandikwa karatasi: SAA TANO USIKU = 23:00.

Kilichookoa mpango ni madumu. Nilichukua madumu ya mafuta ya kupikia ya lita tano, nikajaza maji yaliyokorogwa chumvi, nikaacha nafasi ya vidole vinne juu. Ya kwanza niliyajaza hadi shingoni, mawili yakapasuka. Maji ya chumvi huganda chini ya sifuri, hivyo yakishaganda baridi yake ni kali kuliko ya barafu ya kawaida. Ukiyapanga pembeni na katikati, samaki wakakaa kati yake, friza inavumilia zile saa tano bila stima mradi hakuna anayefungua kifuniko. Nilikaa macho usiku mmoja na kipimajoto cha samaki. Saa nne na dakika hamsini kilisoma nyuzi 11 chini ya sifuri. Kisha taima ikalia ta, ta, ta, ta, moja baada ya nyingine, friza zikaanza kunguruma.

Pesa sikuokoa. Mita yangu ya tokeni haijui saa, uniti ya usiku wa manane ni bei ile ile ya saa mbili. Punguzo la usiku lilipoanza Desemba 2017 lilikuwa la viwanda na wafanyabiashara wakubwa. Faida niliyoipata sikuitarajia: jioni mtaani kwetu stima hupungua nguvu mpaka balbu inakuwa rangi ya chungwa, na mota za friza zilikuwa zinaungua. Mbili niliziunguza mwaka mmoja. Tangu nihamie saa tano, hakuna iliyoungua.

Nikaomba fomu upya. Upepo sikuweka tiki. Kwenye Nyingine niliandika kwamba stima yangu ni ya gridi, lakini kazi nzito ya friza naifanya saa tano usiku hadi alfajiri, wakati wa upepo na mvuke, na jioni nazizima.

Yule dada wa mkahawa alipiga simu. Akasema kompyuta yake haina mahali pa kuandika maneno mengi hivyo. Nikasikia anabofya, anabofya, ananyamaza. Halafu akauliza kama Ijumaa naweza kuwapelekea kilo kumi za ngege, wasiozidi nusu kilo kila mmoja.