Nilivyopekua hataza za Kijapani bila kujua Kijapani

Mtu anayeomba hataza (ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi, yaani patent) Tanzania, ama kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ama kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, hupimwa upya wa uvumbuzi wake dhidi ya kila kitu kilichokwisha kuwekwa wazi kwa umma mahali popote duniani, na sheria haijali kama kitu hicho kiliandikwa kwa lugha ambayo mwombaji hawezi kuisoma. Sisi tulikuwa na njia ya kuhuisha mkaa wa mifupa, ule unaochuja floraidi kwenye maji ya kunywa ya vijiji vya miteremko ya Mlima Meru. Mkaa uliochoka unaoshwa kwa kostiki soda, maji ya kuoshea yanatiwa chokaa ili floraidi igande na kutuama chini, kisha kostiki inayobaki inarudishwa kazini. (Wanaoniuliza kwa nini tusitumie magadi ya Ziwa Natron, ambayo ni ya bei nafuu, huwa nawajibu kwamba magadi yale yenyewe yamejaa floraidi.) Kabla ya kulipa ada ya ombi nilipewa kazi ya kupekua kama yupo aliyetutangulia, na haikuchukua muda kutambua kwamba sehemu kubwa ya jibu ingekuwa kwa Kijapani.

Sababu yake inaeleweka. Viwanda vya semikondakta hutumia asidi ya haidrofloriki kusafishia na kuchongea vipande vya silikoni, hivyo maji taka yake yana floraidi nyingi, na mwaka 2001 Japani ilishusha kiwango kinachoruhusiwa katika maji taka yanayomwagwa mitoni na maziwani kutoka miligramu 15 kwa lita hadi 8. Floraidi ikichanganywa na chokaa hutuama kirahisi, lakini kuishusha chini ya kiwango hicho kwa chokaa peke yake ni kazi ngumu, kwa hiyo wahandisi wa kule walilazimika kuongeza hatua ya pili ya kunasa mabaki, wengine kwa chumvi za alumini, wengine kwa vinasio vya madini adimu, na wengine kwa apataiti (madini ya aina ile ile inayojenga mfupa) na mkaa wa mifupa, vitu vile vile tunavyohangaika navyo sisi. Maombi mengi ya aina hiyo yaliwasilishwa Japani pekee. Hayana ndugu wa Kiingereza aliyechapishwa Marekani au Ulaya, na mtu asiyejua Kijapani hufikiri hayapo.

Zana zenyewe ni za bure. J-PlatPat, kanzidata inayoendeshwa na taasisi ya INPIT ya Japani tangu 2015 ilipochukua nafasi ya ile ya zamani iliyoitwa IPDL, ina ukurasa wa Kiingereza na kitufe cha kutafsiri hati kwa mashine. Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya nayo hutafsiri Kijapani, na Patentscope ya WIPO, shirika la miliki bunifu duniani, ina kipengele kinachochukua neno lako la Kiingereza na kulitafutia visawe vyake katika lugha nyingine kwa mpigo mmoja. Pia kuna mihtasari ya Kiingereza iitwayo PAJ, inayorudi nyuma hadi 1976.

Kwa kuwa zana zipo, kila mtu hushawishika kuandika maneno ya Kiingereza na kusubiri majibu. Majibu huja, ila ni pungufu, na upungufu huo hauonekani kwa macho. Tafsiri ya mashine haikuandikwa na mtu mmoja mwenye msamiati mmoja. Mkaa wa mifupa utaukuta katika hati moja kwa jina moja na katika hati nyingine kwa jina jingine kabisa, kufuatana na mashine iliyotumika na mwaka ilipotumika. Kutafuta kwa Kijapani chenyewe ni bora zaidi, lakini nako kuna mitego: florini, elementi iliyomo katika floraidi, peke yake huandikwa フッ素, ふっ素 au 弗素, na anayetafuta kwa umbo moja huyakosa mawili mengine. Nilichokifanya ni kuitumia Patentscope kama kamusi. Nilikusanya maumbo ya Kijapani ya kila neno langu muhimu kutoka kwenye orodha yake ya visawe, nikayahakiki kwa kuangalia kama yanatokea katika hati zenye muhtasari wa PAJ unaohusika, kisha nikayanakili yote kwenye J-PlatPat yakiwa yametenganishwa kwa alama ya ama-hiki-ama-kile.

Hata hivyo njia iliyonifikisha mbali zaidi haikuhitaji lugha yoyote. Kila hati ya hataza hupewa alama za uainishaji, na alama ya C02F 1/58 ya uondoaji wa kemikali mahususi majini, au B01J 20/34 ya uhuishaji wa vinasio, ni ile ile Tokyo na Harare. Wajapani wamekwenda mbele zaidi ya mfumo huo wa kimataifa. Wana uainishaji wao uitwao FI, ambao huchukua alama ya kimataifa na kuigawa tena, kwa mfano C02F 1/58 ikiongezwa herufi M huhusu florini. Juu ya huo wana F-term, ambao haugawi hati kwa fungu moja bali huitazama kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja: ni maji gani, kinaondolewa nini, kinasio kimetengenezwa kwa nini, kinahuishwa vipi. Alama ya F-term huanza na namba ya mada yenye tarakimu na herufi tano, kama 4D624 kwa usafishaji wa maji kwa kunasa, ikifuatwa na herufi mbili za upande unaotazamwa na tarakimu mbili za jibu. Jedwali za maelezo zinapatikana kwa Kiingereza kwenye J-PlatPat. Ukikutanisha alama ya kitu kinachoondolewa na alama ya uhuishaji wa kinasio, rundo la maelfu hushuka hadi orodha ambayo mtu mmoja anaweza kuipitia, na orodha hiyo imepangwa na watu waliosoma hati kwa Kijapani, wala si kwa bahati ya mashine kuchagua neno nililolifikiria mimi. Ninaamini kwamba anayepuuza F-term na kutegemea maneno ya Kiingereza hajapekua Japani, amepekua tafsiri.

Hapo ndipo tafsiri ya mashine inapopata nafasi yake halali, yaani kupepeta. Ilinibidi kujifunza kuisoma. Hati za Kijapani zina namba za aya ndani ya mabano mazito, 【0001】 na kuendelea, na namba hizo hubaki zilivyo baada ya kutafsiriwa. Kwa hiyo nilifungua Kijapani upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, nikawa najua sentensi yoyote ya kutatanisha imetoka aya gani. Vilevile kila sehemu ya mtambo hufuatwa na namba yake ya kwenye mchoro. Katika hati moja mashine iliita chombo kile kile mnara katika aya moja, safu katika aya nyingine na tangi mbele kidogo, nami ningedhani ni mitambo mitatu kama si namba 3 iliyokuwa ikikifuata kila mahali. Fomula za kemikali, vipimo vya pH na majedwali ya matokeo hayatafsiriwi sana, na mara nyingi nilianza na hayo. Jedwali lililoonyesha floraidi ikishuka mzunguko baada ya mzunguko wa kuoshwa liliniambia mengi zaidi kuhusu hati nzima kuliko ukurasa wa kwanza wa maelezo.

Tafsiri za zamani, zilizotokana na mashine za kanuni za sarufi, zilikuwa mbaya kwa namna ya wazi. Dai la hataza, yaani kifungu kinachoweka mipaka ya kinacholindwa, kwa Kijapani ni sentensi moja ndefu, maelezo yote hutangulia nomino inayoelezwa, na umoja na wingi haviainishwi. Mashine ile ilikuwa ikiibwaga sentensi hiyo kwa Kiingereza kama gunia lililopasuka, na msomaji alijua pale pale kwamba asiamini. Mashine za sasa, za mitandao ya neva, ambazo J-PlatPat ilianza kuzitumia mwaka 2019, hutoa Kiingereza laini. Ulaini huo ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu mashine ya aina hii ikishindwa na kipande cha sentensi inaweza kukiruka na kuunganisha kilichobaki vizuri kabisa. Nilijizoeza kuhesabu: dai likiorodhesha hatua nne kwa Kijapani, ambazo hata asiyejua lugha anaweza kuzihesabu kwa alama za mkato na namba, basi lazima ziwe nne kwa Kiingereza.

Kwa hati chache zilizobaki baada ya kupepeta, sikukubali neno la mashine. Nilimtafuta jamaa aliyesomea uhandisi Japani, nikamlipa kusoma madai na aya nilizomchagulia tu, maana kutafsirisha hati nzima ni gharama isiyo na sababu. Moja ilikuwa hati iliyohusu kuosha kinasio cha apataiti kwa myeyusho wa kostiki, na tafsiri ya mashine ilisema pH izidi 12. Sisi tulikuwa tunaoshea pH 12 barabara, nami nilikuwa nimeweka alama kwamba tuko nje ya dai lile. Jamaa alitazama herufi mbili tu, 以上.

“Kaka, hii haisemi kuzidi,” akaniambia. “Inasema kumi na mbili na kuendelea. Kumi na mbili yenyewe imo ndani. Wangetaka kuitoa wangeandika vingine.”

Ndivyo ilivyo pia kwa 以下, inayojumuisha kikomo chenyewe, tofauti na 未満, isiyokijumuisha. Maneno hayo hutokea karibu katika kila dai lenye kipimo, kwa hiyo anayepekua kemia ya Kijapani ayajue kwa sura hata kama hajui herufi nyingine yoyote. Uoshaji wetu, kama hatua peke yake, ulikuwa umekwisha kutangazwa.

Jambo la tarehe nalipita haraka, ila linapoteza watu wengi: hati za Kijapani za kabla ya 2000 huhesabu miaka kwa enzi za wafalme. Hati yenye alama 平 na namba 9 ilichapishwa mwaka wa tisa wa Heisei, yaani 1997. Kwa Heisei unajumlisha 1988, na kwa Showa, yenye alama 昭, unajumlisha 1925.

Hati ile ya pH 12 ilikuwa ya enzi hiyo ya Heisei. J-PlatPat huonyesha pia historia ya kila ombi, na kwa maombi mengi inawezekana kufungua barua za mkaguzi wa Kijapani zikiwa na tafsiri ya mashine. Barua ya kukataliwa ni hazina ambayo wapekuzi wengi hawaigusi: mkaguzi anayesoma Kijapani kama lugha yake amekwisha kutafuta, na anataja kwa namba hati za zamani anazoziona zinafanana. Nilizifuata namba hizo nyuma, nikapata hati mbili ambazo maneno yangu hayakuwahi kuzigusa, mojawapo ikiwa inatia chokaa kwenye maji ya kuoshea vinasio na kuyamwaga baada ya hapo, bila kuirudisha kostiki.

Muda wa ulinzi wa hati zote tatu ulikuwa umekwisha, wala hazikuwahi kuombwa Tanzania au ARIPO, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutuzuia kuosha mkaa. Tulichoondoa ni dai la kuosha, tukabaki na mzunguko wa kuirudisha kostiki na kipimo cha chokaa kinachouwezesha, na katika maelezo ya ombi tukazitaja hati zote tatu kwa namba zake, tukaonyesha ni aya zipi zinazohusika, pamoja na tafsiri ya binadamu ya aya hizo.