Bibi kapanda ndege, mimi nikapanda boti

Kutoka uwanja wa ndege wa Mafia hadi ule wa Kilwa Masoko, ukinyoosha mstari kwenye ramani, ni kama kilomita 110. Ndege ndogo huchukua nusu saa hivi. Mwishoni mwa Mei 2010 shangazi alikuwa anaoza mwanawe Masoko, na kwa bahati ikapatikana ndege ya kukodi iliyokuwa inakwenda huko kufuata wageni. Ilikuwa na nafasi moja tu. Nikampa bibi.

Hakuwahi kupanda ndege. Pale Kilindoni walimsimamisha kwenye mizani na kikapu chake kama gunia la mbata. Akakusanya buibui lake, akauliza, "Kwani mnaninunua?" Ndege ikapaa, nami nikateremka ufukweni kutafuta boti ya Nyamisati, ng'ambo ya bara.

Boti haiondoki kwa saa, inaondoka kwa maji. Tukakesha hapo tukingoja yajae, na kusi lilikuwa limeshashika. Tulipoingia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji hakuna aliyekuwa mkavu. Nyamisati nikadandia gari la samaki hadi Kibiti, nikasubiri basi la kutoka Dar. Daraja la Mkapa tulilivuka kwa raha zetu. Balaa lilikuwa mbele, Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 ambazo lami yake ilikuwa bado inajengwa. Masika yalikuwa yamekwisha ila tope halikuwa na habari. Basi likazama, wanaume tukaambiwa tushuke tusukume. Likatoka, likazama tena. Nangurukuru nikashuka usiku, suruali imekauka ikawa ngumu kama ubao.

Nafika Masoko, ndoa imeshafungwa. Bibi yuko mkekani, kapakwa hina.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ulikuwa wapi siku zote hizi, baba?"

Akanihadithia safari yake: alisoma Yasini mara moja, ya pili haijafika nusu, anaambiwa wamefika. Jambo hilo lilimuudhi kidogo. Baba yake alikuwa nahodha. Kaskazi likivuma anatweka tanga na kushuka Kilwa moja kwa moja, wala hakuijua Kibiti. Sisi wenye injini ndio tunaozunguka Rufiji nzima.

Wakati wa kurudi, ndege ilikuwapo na nafasi ilikuwapo. Lakini shangazi alikuwa amemfungashia korosho, nguru wakavu na mikeka, na mzigo wa ndege mwisho kilo 15. Bibi akamtazama yule kijana wa mizani, akasema haachi hata korosho moja.

Tukarudi wote kwa basi. Kule Ndundu lilipozama, alishuka na mkongojo wake, akawaonyesha wanaume pa kusukumia.