Kaa tu

"Kaka, wewe kaa tu."

Maneno manne. Tangu Jumamosi nayatafuna kama wali wenye mchanga. Mdogo wangu hakuwa na ubaya, najua. Nilikuwa nimeinama kwenye kreti la soda nyuma ya gari, kijana wake ameshika upande wa pili, akaja akanitoa mkono taratibu, akanivutia kiti cha plastiki. Hiyo "kaa" sina ugomvi nayo. Ni "tu".

Na mimi nikajibu nini? "Haya." Mwalimu niliyefundisha miaka 34, nimesimamisha madarasa mangapi, nakosa la kusema mbele ya kreti! Majibu yanakuja sasa hivi, saa nane usiku, mazuri kweli kweli.

Sherehe yenyewe ilipendeza, mwanangu Neema alifika kutoka Mwanza, PSA, kile kipimo cha damu cha saratani yangu ya tezi dume, imeshuka hadi 0.4, na upepo umeezua bati mbili za jiko.

Lakini daktari ndiye aliyeniambia nibebe! Sindano ya tumboni ninayochomwa kila baada ya miezi mitatu inazima homoni za kiume, maana ndizo zinazoilisha saratani ya tezi dume. Sasa homoni hizo hizo ndizo zinazoshika misuli na mifupa. Zikizimwa, mkono unalegea, kitambi kinakuja, na uchovu unakuwepo hata ukiwa umelala vizuri. Kwa hiyo, baada ya kuangalia picha za mifupa na kuona iko salama, akasema nitembee na niinue vitu vizito kidogo kidogo. Ndiyo maana kila alfajiri niko nyuma ya nyumba na madumu yangu mawili ya lita tano, kumi kumi, nikipumzika kwenye ndoo iliyofunikwa. Kuku wameshanizoea. Wiki ya kwanza nilifika sita, mikono ikatetemeka hadi kikombe cha uji nikakishika kwa viganja viwili.

Kwenye kile kiti cha plastiki nilikaa karibu na mlango, si kwa uzee. Tangu mionzi, nikiingia ukumbini natafuta kwanza choo kiko wapi, bibi harusi baadaye. Na chai jioni nimeacha. Hayo mdogo wangu hayajui, na sikumwambia. Labda hapo kosa ni langu.

Jana usiku umeme ukakatika na lile joto linaloletwa na sindano likanipanda, kutoka kifuani mpaka utosini, shuka chapachapa. Mama Neema akaamka, akaleta kipepeo cha mkaa, akaanza kunipepea bila kusema kitu. Halafu nikasikia kitanda kinatikisika. Anacheka.

"Baba Neema, mimi haya nimekaa nayo miaka minne. Nikikuamsha, unaniambia fungua dirisha."

Kweli nilikuwa nasema hivyo. Nikaona haya, kisha kicheko kikanishika na mimi, tukacheka gizani kama watoto waliokatazwa kuongea. Nikamsimulia habari ya kreti. Akapepea kidogo.

"Siku nyingine usibebe kreti. Mbebe yeye."

Leo nimefika kumi na mbili.

Ila lile tawi la mwembe wa jirani limezidi kulalia waya wa umeme. Nimemwambia tangu Februari, anasema atalikata maembe yakiisha. Na upepo umeanza tena.