Nilivyotibu midomo, kumbe iliyopungua ni damu

Kwa muda wa miezi mitano hivi pembe zote mbili za mdomo wangu zilikuwa zikichanika, zikifunga kigaga, kisha zikichanika tena kila nilipopiga mwayo au kutia tonge kubwa. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Wete, Pemba, na kazi yangu ni kusema kutwa, hivyo vidonda havikupata nafasi ya kupona. Nilipaka mafuta ya nazi, nikapaka asali, na katika duka la dawa nikauziwa krimu ya fangasi ambayo ilinipa nafuu ya wiki moja tu.

Baadaye ulimi nao ukaanza. Ncha yake na kando zake zilikuwa zikiwaka nilapo embe bichi la chumvi na pilipili, jambo ambalo sikulishughulikia kwa sababu pilipili kazi yake ni kuwasha; lakini chai ya vuguvugu ilipoanza kuniunguza, nilikwenda mbele ya kioo. Niliona ulimi uliopauka, laini, unaong'aa, usio na ule ukwaruzo wake wa kawaida, kana kwamba umepigwa msasa. Nikatafuna karafuu kama tufanyavyo jino linapouma, na katika yote niliyojitibu nayo hakuna lililoniumiza kama hilo.

Liko jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Nilipokuwa nikichambua mchele kwenye ungo nilikuwa natia punje mbili tatu kinywani, kisha ikawa gao, na mwisho nikawa natembea na kifuko cha mchele mbichi ndani ya mkoba, nikitafuna kwa siri baina ya vipindi. Bibi yangu alinikamata siku moja jikoni akaniambia, "Acha mchele, mjukuu wangu, utapata safura." Safura kwa wazee wetu ni ule ugonjwa wa kupauka, kuvimba uso na kuishiwa nguvu. Nilicheka, nikidhani ananitisha ili mchele wake usimalizike.

Mchele huohuo ndio ulionipeleka hospitali, kwani nilikutana na kijiwe na gego langu la chini likavunjika kipande. Tabibu wa meno, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, hakuanza na jino. Aliniambia nitoe ulimi, akautazama kwa kurunzi, akagusa pembe za mdomo, kisha akaivuta chini kope ya jicho langu na kuitazama kwa ndani.

"Mwalimu, uniwie radhi kwa suali langu," akasema. "Unatafuna mchele, udongo au barafu?"

Niliona haya kuliko nilivyopata kuona mbele ya daktari yeyote. Nikajibu kwamba ni mchele.

Alinieleza kwamba ngozi ya ndani ya kinywa hujijenga upya haraka, hivyo madini ya chuma yakipungua mwilini upungufu huo huweza kuonekana mapema kwenye ulimi na midomo, na kwamba ile hamu ya mchele mara nyingi huandamana na upungufu huohuo. Niliona ajabu, kwani siku zote nilidhani watu wa meno hutazama meno tu. Akanitajia mengine anayoyakuta: ufizi unaovimba na kutoka damu pamoja na kinywa kikavu, ambavyo humfanya apime sukari, utando mweupe kwa mtu mzima, ambao humfanya aulize juu ya kinga ya mwili, na vile vidoa vyeupe ndani ya mashavu ya mtoto, ambavyo hutangulia vipele vya surua kwa siku moja au mbili.

Nilipimwa wingi wa damu (himoglobini) ikakutwa ni gramu 7.4 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Katika choo yakaonekana mayai ya minyoo ya safura. Minyoo hiyo huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu, ikajishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu, nami kila msimu hushuka bondeni kwenye mpunga bila ya viatu. Bibi hakukosea sana. Na kila mwaka mimi ndiye ninayewagawia wanafunzi wangu dawa za minyoo, lakini sikumbuki mara ya mwisho kuinywa mwenyewe.

Nilipewa albendazo miligramu 400 na vidonge vya chuma. Vidonge hivyo vilinikoroga tumbo na choo kikawa cheusi, nikataka kuviacha. Muuguzi akanituliza kwamba weusi huo ni wa dawa, na kwamba nivinywe baada ya kula kidogo, pamoja na maji ya ndimu. Kilichonishinda hasa ni chai. Chai huzuia chuma kisifyonzwe vizuri, nami sijapata kula bila ya kikombe pembeni, kwa hiyo nikawa naisubiri kwa saa mbili baada ya chakula, nikiwaangalia wenzangu wakinywa.

Hamu ya mchele ndiyo iliyoondoka kwanza, katika wiki ya pili. Pembe za mdomo zikafunga ndani ya mwezi, na ulimi ukarudisha ukwaruzo wake taratibu, kwa kiasi cha miezi miwili. Mwezi wa nne damu ilifika 12.1, lakini niliambiwa niendelee na vidonge kwa miezi mitatu zaidi ili akiba ya mwili ijae.

Gego halikupona. Tabibu alikuwa amekataa kuling'oa damu yangu ikiwa chini vile, akalifunika kwa muda, na nikarudi kwake baada ya kipimo hicho cha mwezi wa nne. Sindano ya ganzi ilikuwa tayari mkononi mwake, lakini aliniambia nitoe ulimi kwanza.